Miche Yetu na Udongo Uliochoka



Kila mwezi wa Novemba mambo ni yale yale. Pikapu inafika na miche 500, kina mama na vijana wanachimba vishimo haraka haraka, chifu anasema machache, picha zinapigwa, na jioni kila mtu anarudi nyumbani akiwa ameridhika. Pita hapo Septemba inayofuata. Utahesabu vijiti vikavu, na hapa na pale mche mmoja ambao bado una majani mawili. Wengine watasema miche ilikuwa mibaya. Wengine watasema ni jua, au ni mbuzi wa jirani.

Serikali ilizindua Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Ni jambo jema. Lakini kalenda ya Nairobi haijui kama kwenu udongo umelowa, wala haijui uko namna gani.

Makala hii ni ya vikundi vinavyopanda mahali pagumu: ule udongo mwekundu wa Machakos, Makueni, Kitui na Tharaka, ambao wakati wa kiangazi ukiupiga jembe unalia kama sakafu. Hapo mche hauokolewi siku ya kupandwa. Unaokolewa miezi 3 kabla, kwa mtaimbo na karai la mbolea, na miaka 2 baadaye, kwa palizi. Siku yenyewe ya kupanda ndiyo ndogo kuliko zote.

UDONGO MBAYA UNA SHIDA GANI?

Tukisema udongo hauna rutuba huwa tunafikiria chakula tu. Kweli chakula ni kidogo. Lakini mche uliopandwa juzi unakula kidogo sana, na ni nadra kufa njaa. Unakufa kiu, tena mahali ambapo mvua ilinyesha vizuri kabisa. Inakuwaje?

Udongo uliolimwa miaka mingi bila kurudishiwa samadi wala majani hupoteza ile gundi inayoshika chembe zake pamoja. Matone ya mvua yakiupiga, zile chembe zinapasuka na kuwa vumbi laini ambalo linaziba vitundu vya juu. Likikauka linakuwa ukoko. Mvua inayofuata inateleza juu ya ukoko na kukimbilia mtoni, na ndiyo maana unaona maji mekundu yakipita kwa nguvu na ukifukua inchi 4 chini unapata vumbi kavu. Hiyo ndiyo shida ya kwanza.

Ya pili iko chini zaidi. Plau ya ng'ombe ikipita kina kile kile mwaka baada ya mwaka, inakandamiza tabaka gumu kiasi cha inchi 6 hadi 8 kwenda chini. Mzizi ukifika hapo unagonga, unageuka, unatambaa kando. Kiangazi kikija unyevu uliobaki uko chini ya lile tabaka, na mizizi iko juu yake. Wawili hao hawaonani.

Ya tatu ni kwamba udongo uliochoka hauna wenyeji: jongoo, nyungunyungu, kuvu na vijidudu wengine tusiowaona. Hao ndio wanaogeuza majani kuwa chakula na kuutoboa udongo ili hewa iingie. Mizizi nayo hupumua, kama vile sisi.

Hebu kikundi kifanye jaribio moja ambalo halina gharama. Chimba shimo la futi moja na nusu, umwage debe moja la maji, ungoje liishe, kisha umwage debe la pili na kuangalia saa. Likiwa limekwisha baada ya saa moja au mbili, udongo wenu unapokea maji. Likiwa bado lipo asubuhi yake, kuna tabaka gumu au mfinyanzi. Likipotea mara moja, huo ni mchanga, na mbolea nayo itapotea chini vivyo hivyo. Halafu ng'oa bua kavu la mahindi, polepole, utazame mizizi. Ikiwa imekwenda chini kidogo kisha ikapinda kando yote pamoja, tabaka gumu mmelipata bila kupima.

Wale wa udongo mweusi wa pamba, kama wa tambarare za Athi, shida yao ni nyingine kidogo. Huo una chakula cha kutosha lakini wakati wa mvua unajaa maji na mizizi inakosa hewa, na wakati wa jua unapasuka na kuikata. Ninyi pandeni juu ya tuta, sio ndani ya shimo la chini.

SHIMO LA AGOSTI

Mashimo yachimbwe Agosti au Septemba, kabla ya mvua ya vuli. Najua ardhi wakati huo ni ngumu na watu watalalamika. Lakini ukingoja mvua, kila mtu yuko shambani kwake anapanda mahindi na kunde, na hapo ndipo tunachimba vile vishimo vya jembe mara tatu ambavyo havitoshi hata kuzika kuku.

Kwa mti wa matunda, kama mwembe, chimba futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Kwa mti wa mbao au kuni futi moja na nusu inatosha. Udongo wa juu, ule wenye rangi nyeusi nyeusi, uweke upande mmoja. Ule wa chini uweke upande mwingine. Usiuchanganye, maanake wa juu ndio wenye uhai na ndio utakaorudi karibu na mizizi. Ukifika mwisho wa shimo, chukua mtaimbo na upige sakafu yake mara kadhaa, hata kama ni inchi 6 tu, uvunje lile tabaka. Kazi hii ya dakika 10 ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu hakuna anayeiona shimo likishafunikwa. Ikiwa kuta za shimo zimekuwa laini kama chungu, zikwaruze kwa panga, la sivyo mizizi itazunguka humo ndani kana kwamba imepandwa kwa ndoo.

Shimo la futi 2 linabeba kama debe 11 za udongo. Tia debe moja au mbili za mbolea ya boma, uchanganye vizuri na udongo wa juu, urudishe. Ule wa chini utumie kutengeneza ukingo, tutakuja hapo. Mbolea iwe imeoza kabisa: haina joto ukiingiza mkono, haina harufu kali, na huwezi kujua tena lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa mavi. Mbolea mbichi huunguza mizizi. Na ile iliyolala nje ya boma miezi 6, jua na mvua zikiipiga, imepoteza nguvu yake nyingi, kwa hivyo ifunikeni kwa majani ya migomba au nyasi kavu tangu sasa.

Udongo mwekundu wa sehemu hizi mara nyingi umekosa fosforasi. Dalili yake ni majani yenye rangi ya zambarau na mmea unaodumaa. Fosforasi haitembei kwenye udongo, ukiinyunyiza juu inakaa juu. Lazima iingie shimoni, palipo na mizizi. Ukiwa na uwezo wa kununua mbolea ya dukani ya kupandia, kiasi cha vifuniko viwili vya soda vinatosha, tena uichanganye na udongo isiguse mizizi. Kama hakuna pesa, mifupa iliyochomwa na kupondwa inafanya kazi hiyo hiyo, ingawa polepole. Wale walio karibu na barabara ya Tanzania huenda wamesikia habari za mbolea ya Minjingu. Hiyo ni mawe ya fosfeti yaliyosagwa, na katika udongo wenye tindikali inafaa kwa miti.

Basi shimo likishajazwa liache. Usipande bado. Mbolea na udongo vizoeane, na mvua za kwanza zishuke ndani.

MVUA ICHOTE MAJI, SIO MAMA

Tupige hesabu. Kikundi kikipanda miche 500 na kuamua kila mche upate lita 5 kwa wiki, hizo ni lita 2,500, yaani mitungi 125 ya lita 20. Nani ataibeba? Tunajua ni nani. Ni yule mama ambaye tayari ameenda mtoni mara mbili asubuhi hiyo. Baada ya wiki tatu anachoka, na hana kosa. Mpango wowote wa miti unaotegemea mgongo wa mama utakufa kabla ya miti yenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Chora uwanja mdogo wa mita 3 kwa mita 3 upande wa juu wa mche. Hizo ni mita 9 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya kawaida siku moja ya Novemba, inaangusha hapo lita 180. Theluthi moja tu ya hayo maji ikikimbia juu ya ukoko na kunaswa penye mche, umepata lita 60. Mitungi mitatu kwa mche mmoja, na hakuna aliyetoka nyumbani. Ule ukoko uliokuwa adui unakuwa mfereji wa bure.

Kazi ni hii: ule udongo wa chini uliobaki ufanye kuwa ukingo wenye umbo la nusu mwezi, mdomo ukitazama mlima, mche ukiwa ndani yake karibu na mgongo wa ukingo. Urefu wa ukingo uwe wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, uukanyage ushikane. Ncha zake mbili ziwe sawa kimo, vinginevyo maji yatatoka upande mmoja na kukata korongo. Mahali pa mteremko mkali panda kwenye matuta ya fanya juu ambayo watu wa Machakos wanayajua kuliko mimi. Kule mche ukae upande wa juu wa tuta, pale maji yanaposimama kidogo. Isipokuwa mukau. Mukau hautaki miguu yake ikae majini, kwa hivyo uinue kidogo.

Kwa miti michache ya matunda karibu na nyumba, zika chungu cha udongo kisichopakwa rangi karibu na mche, shingo ikitokeza juu, ukijaze maji na kukifunika. Maji yatatoka polepole kupitia ngozi ya chungu na mizizi itayafuata. Chupa ya plastiki yenye tundu dogo inafanya vivyo hivyo. Na ukimwagilia kwa mkono, afadhali mtungi nusu mara moja kwa wiki kuliko kikombe kila jioni. Kikombe kinalowesha inchi 2 za juu na kuifundisha mizizi kukaa hapo hapo juani.

MCHE WENYEWE

Mche mrefu unapendeza macho na unauzwa haraka. Lakini kwa udongo mbaya chagua mfupi, kama futi moja hivi, wenye shina nene na jani gumu. Ule mrefu ulilelewa kivulini na maji ya kila siku, na mizizi yake ni midogo kuliko kichwa chake. Ni kama mtoto aliyekulia kwa nyanya yake. Wiki 4 kabla ya kupanda, miche itolewe kivulini na maji yapunguzwe kidogo kidogo ili izoee shida.

Inua mche kwenye kitalu uangalie chini ya karatasi. Mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, ukiung'oa utaikata yote siku ile ya kupanda. Kitaluni inafaa kukatwa kila baada ya wiki chache. Na mizizi ikiwa imejizungusha ndani ya karatasi kama kamba, ikate ile iliyozunguka kwa wembe kabla ya kufukia, maanake haitajinyoosha yenyewe. Kuna miti inayoanguka ikiwa na umri wa miaka 5 kwa sababu hiyo, na watu hulaumu upepo. Karatasi itolewe kabisa. Usidhani itaoza.

Ukiwa wewe ndiwe mwenye kitalu, ongeza mikono miwili mitatu ya udongo kutoka chini ya mti mkubwa wa aina ile ile katika kila karai. Humo mna kuvu wanaojishika na mizizi na kuirefusha, wakiitafutia fosforasi na maji mahali ambapo mizizi yenyewe isingefika. Miche ya misonobari bila hao kuvu hubaki midogo na ya manjano hata ukiitia mbolea. Jamii ya mikunde nayo, kama migunga, hupata humo vijidudu vya vile vinundu vya mizizi vinavyoshika naitrojeni ya hewani.

Panda vuli, sio masika. Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi. Anayepanda Aprili anaupa mche wiki chache za mvua kisha miezi mitano ya ukavu. Lakini usikimbie na mvua ya kwanza vile vile. Ngoja mpaka ukichimba kwa mkono unapata unyevu kufikia kiwiko.

NYASI, MAJANI MAKAVU NA MCHWA

Nikiulizwa ni nini kinaua miche mingi zaidi baada ya kiu, nitasema ni nyasi, kabla sijataja mbuzi. Mizizi ya nyasi ni mingi, iko juu, na inakunywa kwanza. Safisha duara la hatua moja kila upande wa mche na uliweke safi miaka 2. Njia rahisi ni kupanda kunde au maharagwe kati ya miche, maanake ukipalilia chakula chako umepalilia na mti. Jembe lisiguse shina. Kidonda cha jembe ni mlango wa mchwa.

Hilo duara lifunike kwa majani makavu, mabua au nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, unene wa inchi 3 au 4, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya majani na shina. Kifuniko hiki kinazuia tone la mvua lisitengeneze ukoko, kinapunguza joto, na chini yake unyevu unakaa wiki kadhaa zaidi.

Hapo mtu husimama kwenye mkutano na kusema: "Lakini majani makavu yanaleta mchwa!" Ni kweli, yanaleta. Swali ni kwamba wakija watakula nini. Mchwa wengi wanapenda kitu kikavu kilichokufa. Ukiwa na duara tupu na mche wenye kiu katikati, kitu kikavu kilicho karibu ni mche wenyewe. Ukiwa na majani, wanakula majani. Miti ya kigeni kama mgrevilea na mkaratusi ndiyo inayoliwa sana ikiwa na kiu, kwa hivyo mahali penye mchwa wengi msianze na hiyo. Majivu kuzunguka shina yanasaidia kidogo mpaka mvua iyasombe.

Tena mchwa wanaweza kuwa wafanyakazi wa kikundi. Kule Burkina Faso, katika eneo la Yatenga, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliacha ardhi ngumu kama lami. Mkulima mmoja, Yacouba Sawadogo, alichukua njia ya wazee wake ya kuchimba vishimo wakati wa kiangazi, akavipanua na kutia samadi ndani kabla ya mvua. Samadi ikawavuta mchwa, wakatoboa vijia vingi kwenda chini, na mvua ilipokuja ikaingia kupitia vijia hivyo. Alivuna mtama, na mbegu za miti zilizokuwa ndani ya samadi zikaota pamoja nao. Hakuing'oa. Kwa miaka mingi ikawa msitu wa zaidi ya hekta 20, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Desemba 2023. Majirani zake mwanzoni walimwona ana wazimu, kwa sababu alikuwa akichimba juani wakati wengine wanapumzika.

MTI UNAOTENGENEZA UDONGO

Si lazima twende mpaka Afrika Magharibi kwa mfano. Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha simenti kilichimba mawe ya matumbawe kuanzia miaka ya 1950 na kuacha shimo kubwa jeupe lisilo na udongo wowote, joto kali, na maji ya chini yenye chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26. Zilizodumu zilikuwa 3: mnazi, mti mmoja wa upande wa Somalia uitwao Conocarpus, na mvinje. Mvinje ndio ulioshinda yote, kwa sababu mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vya kushika naitrojeni ya hewani. Unajitegemea chakula.

Lakini hata hapo kazi ilikwama. Majani ya mvinje, yale kama sindano, yalianguka na kulala tu juu ya mawe. Ni magumu na machungu, hayakuoza. Kisha ikaonekana kwamba jongoo wale wenye miguu myekundu wanayala. Wakakusanywa jongoo wengi wakaachiliwa humo, nao wakasaga majani na kuyatoa nyuma yakiwa mboji. Udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe tupu, na miti mingine ikaweza kupandwa. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park na watoto wa shule wanaenda kuangalia viboko.

Kwa kikundi chenye udongo uliochoka somo ni la mpangilio. Usianze na mti unaoutaka, anza na mti unaoweza. Kwetu Ukambani kuna mbaazi, ambayo hatuioni kama mti wa udongo kwa vile iko kila mahali. Mbaazi inashika naitrojeni, inaangusha majani mengi, na mizizi yake inatoa tindikali inayofungua fosforasi iliyojifunga na chuma kwenye udongo mwekundu. Panda mbegu chache hatua moja kutoka kwa mche, upande jua linapochomoza na linapozama, ziupe kivuli. Mnavuna mbaazi. Mwaka wa pili zikianza kuubana mti, zikate chini kabisa bila kung'oa, majani yawe kifuniko na mizizi ioze mahali ilipo, ikiacha njia kwa mizizi ya mti.

Migunga ya kienyeji ina kazi hiyo pia. Mjohoro unastahimili na unatoa kuni nzuri, lakini ingawa ni wa jamii ya mikunde hauna vinundu, kwa hivyo msiuhesabu kama mbolea. Kwa mbao, mukau ni mti wa nyumbani unaovumilia ukame na mbao zake hazipendwi na mchwa. Mbegu zake ni ngumu kuota, na wazee walizoea kuokota zile zilizopita kwa mbuzi bomani. Siku hizi kituo cha KEFRI cha Kitui kimefanya kazi nyingi juu ya mukau, kwa hivyo ulizeni huko kabla ya kununua miche kando ya barabara. Na jihadharini na mti wowote mnaoambiwa unaota popote bila kutunzwa. Mathenge ililetwa Baringo miaka ya 1980 kwa maneno hayo hayo, na leo imefunga malisho na kuharibu meno ya mbuzi.

TUNAHESABU NINI?

Katika ardhi ngumu mtu akichimba mashimo 4 kamili asubuhi moja amefanya kazi. Kikundi cha watu 20 kinamaliza mashimo 80, na asubuhi mbili ni 160. Miche 500 kwa njia hii ingechukua asubuhi zaidi ya sita. Kwa hivyo pikapu ikija na 500, kikundi kiwe na ujasiri wa kusema: tupe 160, iliyobaki mpelekee wengine. Mfadhili anaweza kununa kidogo. Lakini yeye anahesabu iliyotoka kwa pikapu, na ninyi ndio mtakaokaa na vijiti.

Green Belt Movement, ambayo Wangari Maathai aliianzisha mwaka 1977, iliwalipa kina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliokuwa hai baada ya muda, wala sio kwa kila mche uliopandwa. Jambo hilo linabadilisha tabia kuliko hotuba. Hata bila pesa kikundi kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kila mti uwe na mwenyewe, jina liandikwe kwenye daftari, kwa sababu mti wa wote hauzungushiwi miiba na mtu yeyote. Hesabuni Septemba ya kwanza na Septemba ya pili, mkitembea pamoja kutoka mti hadi mti. Penye mti mkavu, fukueni muangalie mizizi mbele ya watu wote: ilipinda, ililiwa, au haikutoka kabisa kwenye donge lake? Humo mtajifunza zaidi kuliko kwenye semina. Isiwe mahakama lakini. Yule ambaye miche yake imekufa huenda alikuwa anauguza mtu.

KABLA HAMJANUNUA MICHE

Bado kuna jambo ambalo ningelitaja kwanza kama watu wangelikubali kirahisi. Zungukeni ile ardhi mbaya mtafute visiki. Kwenye malisho yaliyochoka mara nyingi kuna vichaka vidogo vidogo vya migunga na miti mingine ambavyo mbuzi wanavikata kila mwaka na sisi tunaviita takataka. Chini ya kichaka kama hicho kuna mizizi ya miaka 20 iliyokwisha kupita tabaka gumu na kufika penye unyevu. Hakuna mche wa kitalu unaoweza kushindana nayo.

Huko Niger kuanzia mwaka 1983 Mwaustralia Tony Rinaudo, baada ya kuona miche mingi ikifa, aliwashawishi wakulima wa Maradi waache kupanda na walee visiki. Njia hiyo ilienea kutoka mkulima hadi mkulima mpaka ikafika karibu hekta milioni 5. Jirani zetu wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai. Chagua machipukizi 3 au 4 yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, na yale uliyoacha uyapogoe matawi ya chini mpaka nusu ya kimo chake. Matawi uliyokata yaweke kuzunguka kisiki kuzuia mbuzi. Funga kitambaa cha rangi juu ili wachungaji wajue mti huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi 3 uondoe machipukizi mapya.

Mtu mmoja mwenye panga kali anaweza kulea visiki vingi kwa asubuhi moja, tena mwezi wowote, bila kungoja mvua wala pikapu. Mashimo ya Agosti yabaki kwa sehemu ambazo mmetafuta kisiki na hamkukiona.